Gari Kuchutama Baada ya Safari: Si Kila Mara ni Ugonjwa

Sisi watu wa Pwani tukipanda bara kwa gari, Makindu ni kama kituo cha lazima. Kutoka Mombasa umeshakata zaidi ya kilomita 300. Wengine hushuka kuswali, wengine huingia hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926, ambako kila mpita njia hulishwa bure. Gari nalo huegeshwa lipumzike. Na hapo ndipo baadhi ya wenye magari hushtuka: gari walioliacha limesimama vizuri, wanalikuta limechutama.

Nazungumzia magari yanayojisawazisha kwa hadroliki, kama vile baadhi ya Land Cruiser 100 zilizokuja kutoka Japani. Ufundi wenyewe si mpya. Kampuni ya Citroën ya Ufaransa iliutoa kwenye gari lake la DS mwaka 1955.

Gari la kawaida hubebwa na springi za chuma. Haya mengine hubebwa, lote au sehemu ya uzito wake, na mafuta yanayosukuma gesi ya naitrojeni. Gesi imefungiwa ndani ya mtungi mdogo wa chuma, na kiwambo cha mpira huitenga na mafuta. Gesi ndiyo springi. Mafuta kazi yake ni kimo. Ukipakia mizigo na watu saba, nyuma hulala, kisha pampu huongeza mafuta hadi gari likae sawa. Watu wakishuka, gari huinuka, na mfumo huyarudisha mafuta kwenye tangi lake ili lishuke tena. Kwa hivyo ukiona gari linateremka taratibu baada ya abiria kushuka, hiyo ni kazi yake.

Sababu ya pili ni joto. Njiani, mafuta hupenyezwa kwenye matundu madogo maelfu ya mara ili kutuliza mitikisiko, na kila tuta la barabara huongeza joto. Gesi nayo hupata moto na kutanuka. Tuseme imefika nyuzi 60, kisha gari likaegeshwa hadi gesi ikapoa kufikia nyuzi 25. Uzito ukiwa ni ule ule, gesi hiyo husinyaa kwa takriban asilimia 10. Injini imezimwa, pampu imelala, hakuna wa kulipa pengo hilo. Gari lazima lishuke kidogo, na hapakuvuja hata tone. Ukiwasha injini, linarudi kimo chake.

Citroën za zamani zilizidi hapo. Mafuta yalipenya polepole ndani ya valvu zenyewe na kurudi kwenye tangi, na baada ya saa kadhaa gari lilikuwa limelala kabisa. Wenye nazo walizoea: wakiwasha, wanangoja linyanyuke ndipo waondoke.

Sasa, ugonjwa utaujuaje? Ukiona upande mmoja au kona moja ndiyo inayolala kila mara, mafuta yamedondoka chini, tangi linapungua, au pampu inanguruma kila wakati, hapo pana uvujaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini gari likikaa kimo sawasawa na bado linarusha kama mkokoteni, usikubali kuuziwa pampu. Kimo ni cha mafuta, ulaini ni wa gesi. Yumkini gesi ndiyo iliyokwisha, na dawa ni mitungi ile. Nasema haya kwa kuwa wengi huambiwa wang'oe mfumo mzima watie springi za kawaida, kumbe tatizo lilikuwa dogo.

Tena usitie oili ya breki wala ya gia kwa sababu ndiyo iliyopatikana karibu. Mifumo hii ina mafuta yake maalumu, na mafuta yasiyofaa huharibu mipira ya ndani. Soma kitabu cha gari.

La mwisho ndilo zito zaidi, na nawaambia hasa vijana wetu wa gereji za kando ya barabara. Asiingie mtu chini ya gari la aina hii kwa kutegemea hadroliki yake, wala jeki peke yake. Linaweza kushuka bila onyo, injini ikiwa imezimwa. Zima kwanza mfumo wa kujisawazisha kwa swichi yake kama ipo, weka vizuizi kwenye magurudumu, kisha tia stendi za chuma. Usiliegeshe pia juu ya jiwe au ukingo wa njia, maana likishuka litakalia hapo hapo. Na mtoto akiufuata mpira wake chini ya gari lililoegeshwa, mtoe kwanza, ndipo uwashe au uzime chochote. Gari kuchutama si msiba. Msiba ni lichutame na mtu yuko chini yake.