Fahamu: Taa zinazocheza na mpita njia

Mbololo, kama Voi nzima, giza huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, mwaka mzima. Taa ya mulika mwizi hulifukuza, lakini kazi yake ni ulinzi. Haimkaribishi mtu aketi.

Zipo taa za namna nyingine. Mwaka 2014, mjini Bristol, Uingereza, Jonathan Chomko na Matthew Rosier walificha kamera ya infraredi na projekta ndani ya taa za barabarani. Ulipopita chini yake, taa ilinasa kivuli chako. Aliyekuja nyuma alikiona kikitembea miguuni pake. Watu wazima walirudi kurukaruka kama watoto, ili wawaachie wenzao kivuli cha kuchekesha.

Mtambo huo si rahisi, na kwetu vumbi lingeusumbua. Ila bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati wa shirika la Aga Khan, hujaa watu usiku bila mtambo kama huo: taa, mishikaki, juisi ya miwa, mahali pa kukaa.

Kaunti ikiitisha mkutano wa bajeti, ukiomba taa, omba na benchi.