Mninga: Tuujue Ubao Kabla ya Kutoa Fedha

Tuseme unataka mlango. Fundi seremala anakuonyesha mbao mbili, na zote ni za mninga. Moja ni ya kahawia tupu. Nyingine ina sehemu nyeupe ubavuni, na bei yake ni nafuu. Utachukua ipi?

Wengi wetu huchukua ya bei nafuu. Lakini baada ya muda unga unaanza kudondoka chini ya mlango. Wadudu wameingia. Fedha zimekwenda bure! Basi, tueleze sababu yake.

Mninga una sehemu mbili. Katikati kuna kiini, chenye rangi ya kahawia au kahawia nyekundu. Nje yake, chini ya gome, kuna sehemu nyeupe yenye umanjano. Sehemu hiyo nyeupe ina wanga, na wanga ndio chakula cha wadudu wanaotoboa mbao. Kiini ni tofauti. Kina dawa yake ya asili, kwa hiyo mchwa na wadudu hawakiwezi kwa urahisi.

Kwa hiyo, ukinunua ubao, utazame pande zote nne. Vanishi huweza kuficha rangi, lakini haiwezi kumzuia mdudu aliyekwisha kuingia. Ni vizuri kuutazama ubao kabla haujapakwa kitu.

Mafundi wanaupenda mninga kwa sababu haupindi ovyo. Ukikauka, husinyaa kidogo tu. Ndiyo maana unafaa kwa milango, madirisha, vitanda, viti na kabati. Tena unakubali randa na msasa vizuri. Lakini lazima ukaushwe kwanza. Zipange mbao kivulini, zisiguse ardhi. Weka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Usiwe na haraka, kwa maana mninga hukauka polepole.

Jambo jingine ni vumbi lake. Vumbi la mninga huwasha pua na huweza kuleta shida ya kupumua. Fundi ajifunge kitambaa puani na afanye kazi mahali penye upepo.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Mninga huota katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora, Katavi na Rukwa. Ukiukata, hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mche wake una tabia ya ajabu. Kila kiangazi shina lake hukauka, lakini mizizi inabaki hai na kuzidi kupata nguvu. Huendelea hivyo kwa miaka kadhaa, ndipo shina hupanda juu. Mpaka mti ufae kupasuliwa mbao, hupita miaka 70 au zaidi. Maana yake, anayeukata leo hatauona mwingine ukikomaa mahali pale. Wataouona ni wajukuu wake.

Kwa sababu hiyo tusikate miti michanga, na tusivune bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Tulizungumze jambo hili katika mkutano wa kijiji. Mlango mzuri wa kiini utatutunza sisi na watoto wetu. Msitu nao tuutunze, ili wajukuu nao wapate milango.