Zawadi Isiyotoka Dukani

Katika mtaa wa Dallas, mjini Embu, kama katika mitaa mingine mingi, watu hudhani kuwa zawadi haina budi kununuliwa. Kwa hiyo mtoto asiye na senti hujiona hana cha kumpa nyanya yake. Sivyo. Nguo kuukuu yatosha kufanyia mkeka mdogo wa kuwekea sufuria ya moto.

Chagua nguo ya pamba, kwa maana nailoni huyeyuka kwa joto. Ifuliwe, ikauke, kisha mzazi aikate vipande virefu vyenye upana wa vidole viwili. Mtoto afunge ncha za vipande vitatu pamoja, avisuke kama nywele, na kila kimoja kikikaribia kwisha aungiwe kingine. Msuko ukifika pima moja, uzungushwe juu ya meza kuanzia katikati, na kila mzunguko ushonwe kwenye ule uliotangulia. Uzi usivutwe mno, mkeka usije ukajikunja kama bakuli. Wadogo wasuke; sindano ishikwe na wakubwa.

Nyanya atakapoipua githeri na kuitua juu ya mkeka huo, ataitambua nguo yake ya zamani, na atauliza ni nani aliyeisuka.