Steringi Hafi, Esansi Ndiyo Inakufa

Masta, kaa chini, toa earphone moja. Leo nahukumu filme na hakuna rufaa. Kama wewe ni wa Sake, Kitchanga, Rubaya, Mubi ao Ndjingala, tuko rada moja. Kama wewe ni wa Kinshasa, ngoja subtitles.

Mazingira kwanza. Huku hakuna popcorn. Kuna banda la mbao, posti moja, shitingi dirishani ili wasiolipa wasicheki bure, benchi za kuua mgongo, na jenereta huko nyuma inapiga kelele kumshinda Schwarzenegger. Sheria ya banda kila mtu anaijua: steringi hafi. Kinachokufa ni esansi ya jenereta. Kuna wasee wazima, wana bibi, wana watoto, na hadi leo hawajui Rambo aliishia wapi. Chef-bandi akipiga magoti tu, giza. Na makuta hayarudi.

Commando ni ya 1985 na bado inajaza banda. Story? Hakuna story. Jamaa mmoja, kisiwa kimoja, jeshi zima linafyatua na halimpati hata ukucha. Masisi tunapiga makofi kama kila mahali. Lakini benchi za nyuma kuna kicheko kingine kinapita, cha wasee wanaojua risasi haijawahi kuuliza nani steringi. Basi. Twende.

Kuangalia filme ya Wachina bila mtafsiri ni aibu, msee. Mtafsiri ndiye filme yenyewe. DJ Afro wa Nairobi anachukua jamaa aliyekaa kimya dakika nzima na kumpa hotuba, madeni na mke mkorofi. Marehemu Lufufu wa Bongo alifungua hiyo njia zamani. VJ Junior wa Kampala anaongea Kiganda, huelewi kitu, na bado mbavu zinauma. Masisi wanaosikia Kinyarwanda wana Rocky na Junior Giti, hao usiwaguse mbele yao. Sasa linganisha na ile version ya Kifaransa ya satelaiti: Mchina amefunga mdomo, sauti ya Paris bado inaendelea. Hapana. Zima.

Halafu hiyo satelaiti, nani aliiweka bei ya dola? Vieux analipa bouquet nzima, mamia ya chaneli, anaangalia moja: journal. Journal ikiisha, analala na telekomande mkononi. Jaribu kubadilisha uone, anaamka. "Naangalia!" Ba vieux ndio wanatuambia filme zinaharibu vijana. Hao hao wakiona telenovela ya Mexico, njaa inaisha. Wawili wakibusiana, vieux anakohoa, anatafuta telekomande ambayo ameikalia. Noma.

Ndiyo maana mbogi yote iko kwenye carte. Unapeleka carte mémoire kwa jamaa wa kuchaji simu, anakujazia: Kanumba, aliyetuacha Aprili 2012 na bado hajatoka kwenye simu za watu, Aki na Pawpaw, wanaume wazima wanacheza watoto, genius, serie za Kikorea ambazo machali wanasema ni za madem halafu wanauliza kama episode mpya imefika. Ukileta carte yenye virusi, usije kijiweni wiki hiyo.

Sasa nifike penye kuuma. Filme zetu. Namaanisha zile za wengine kuhusu sisi.

Congo, 1995. Hollywood inasema kwenye Virunga kuna mji uliopotea, almasi, na sokwe wauaji. Msitu wenyewe wameshuti kwa sehemu kubwa Costa Rica. Kuna sokwe mwingine, Amy, anavaa glavu ya kompyuta na kuongea Kiingereza. Sokwe ana lines nyingi kuliko wabeba mizigo! The Legend of Tarzan, 2016: bajeti kama dola milioni 180, Congo ya Leopold, na msitu umejengwa studio Uingereza. Milioni 180, masta. Kwa hizo doo tungewapa msitu wa ukweli wa Walikale, na matope ya bure.

Virunga ya 2014, dokumentari ya sokwe wa huku, ni fiti, sibishi. Ilifika hadi nomination ya Oscar. Nilitoa chozi na ukisema nitakana. Ila naanza kushuku kwamba ili kamera ikukaribie vizuri huku lazima uwe na manyoya.

Halafu Blood in the Mobile, 2010. Mdenmark, Frank Piasecki Poulsen, anakuja hadi Bisie, Walikale, anaingia kwenye shimo la cassiterite, anarudi Ulaya kuwauliza Nokia kama simu zao zina mawe yetu. Swali fiti. Ila steringi nani? Yeye! Vijana wa Bisie wanatoka shimoni wamejaa vumbi, wanajibu, wanarudi shimoni. Hakuna anayetania, hakuna anayetongoza, hakuna anayedaiwa bia Mubi. Hao si vijana wa Bisie ninaowajua. Na uchungu wa mwisho: bati ya Bisie na coltan ya Rubaya zinaondoka kwenye magunia, zinazunguka Asia, zinarudi simu mpya, na wewe mwenye kilima unaomba kulipa mara mbili.

Kwa hiyo Hollywood walipotunga nchi ya Wakanda na madini yao ya vibranium, sikushtuka. Mlima wenye madini, majirani wanautaka. Hiyo tunaijua. Kilichonishtua ni walivyolipa mamilioni kutunga shujaa, wakati Walikale yuko mmoja ameshakamilika.

Mwindo, msee. Wa Wanyanga. Baba yake, Shemwindo, mkubwa wa kijiji cha Tubondo, ana wake saba na anatangaza: sitaki mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa anatembea na kuongea. Baba anamrushia mkuki, unakosa. Anamzika, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, ngoma inasafiri hadi kwa shangazi, Iyangura. Dogo anarudi na mgwisho wake, anamwita Nkuba, radi mwenyewe, Tubondo inawaka. Baba anakimbilia kuzimu. Mwindo anamfuata kuzimu! Akianza kujiona sana, anapelekwa angani kufunzwa adabu kwa baridi na mvua. Thor alikuwa wapi?

Mwaka 1956 fundi wa hadithi Candi Rureke aliisimulia hadithi hiyo mbele ya Mbelgiji Biebuyck kwa siku 12. Siku 12! Hiyo si filme, ni season nzima. Kitabu chake na Kahombo Mateene kikatoka 1969. Shida ni ba vieux wa leo: anaanza vizuri, anakohoa, anakuuliza wewe ni mtoto wa nani, anaingia kwenye deni la mbuzi la babu yako, Mwindo anabaki mtoni.

Na usiniambie haiwezekani. 2022 Maisha Maene alitoa Mulika: mwanaanga anaibuka kwenye kreta ya Nyiragongo na kushuka Goma. Kivu, sci-fi, bila Hollywood. Basi Mwindo apewe kamera. Vilima vya Masisi viko. Msitu uko. Special effects za Nkuba ni bure, mashariki ya Congo inapigwa radi kupita karibu kila mahali duniani. Iyangura tutampata soko la Mubi, sauti anayo tayari. Na Shemwindo? Chukua vieux yeyote, mwambie mtoto wake anataka kuwa akteri. Hatahitaji skripti.