MFANO WA CHOMBO NA SHERIA ZA KIPIMO

Katika visiwa vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, mtumbwi, ngalawa na mashua ndivyo vinavyowapeleka watu shambani na sokoni, na kutoka Nyamisati vyombo huvuka hadi Mafia. Si ajabu, basi, kwamba watoto wa pwani huchonga vyombo vidogo na kuvishindanisha majini. Katika nchi nyingi watu wazima nao huunda mifano ya merikebu kwa mbao, ikawa burudani ya saa zao za mapumziko.

Mchezo huo una mafunzo mengi ya fizikia, na la kwanza huja kwa sura ya fumbo. Mfano uliopunguzwa kwa uaminifu katika kila kipimo, tanga lake likitwekwa katika upepo uleule unaoiendesha mashua kwa salama, hupinduka mara moja. Sababu yake ni nini?

Urefu, eneo na uzito

Ichukuliwe mashua yenye urefu wa mita 10, tanga la mita za mraba 40, na uzito wa tani 8 pamoja na shehena. Fundi anaamua kuunda mfano wake kwa kipimo cha 1:20. Urefu unagawanywa kwa 20, nao unakuwa sentimita 50. Lakini tanga ni eneo, nalo hupungua kwa 20 × 20, yaani mara 400. Linabaki sentimita za mraba 1,000. Uzito hufuata ujazo, nao hupungua kwa 20 × 20 × 20, yaani mara 8,000. Mfano una kilo 1 tu.

Kani ya upepo hulingana na eneo la tanga, kwa hiyo imepungua mara 400. Kani hiyo hukiinamisha chombo kwa kuutumia mlingoti kama wenzo, na wenzo huo umefupishwa mara 20. Kwa jumla, nguvu ya kupindua imepungua mara 8,000. Kinachokirudisha chombo wima ni uzito wake, uliopungua mara 8,000, ukifanya kazi kwa wenzo wa upana wake, uliopungua mara 20. Nguvu ya kurudisha, basi, imepungua mara 160,000. Chombo kidogo ni dhaifu mara 20 mbele ya upepo uleule.

Tiba zake ni kadhaa. Fundi aweza kulipunguza tanga, au kutia farumi ya chuma chini kabisa ya mkuku, au kungoja upepo mwanana. Kwa kuwa kani ya upepo hulingana na mraba wa kasi yake, upepo unaoufaa mfano huu ni ule ambao kasi yake imegawanywa kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani takriban 4.5. Wenye ngalawa walilitatua tatizo kama hilo tangu kale: matengo mawili, kila moja upande wake, huurefusha wenzo wa kurudisha pasipo kuongeza uzito mkubwa.

Mfano katika maabara

Mhandisi wa Uingereza, William Froude, aliifanya mifano kuwa chombo cha utafiti. Katika miaka ya 1870 alijenga birika refu huko Torquay, akavuta ndani yake mifano ya nta ili kupima ukinzani wa maji. Alionyesha kwamba mfano hufanya mawimbi yanayofanana na ya merikebu yenyewe pale tu kasi yake inapogawanywa kwa kipeuo cha pili cha kipimo. Mashua ya hapo juu ikienda kilomita 9 kwa saa, mfano wake hauna budi kuvutwa kwa kilomita 2 kwa saa.

Mfano kama kumbukumbu

Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 chataja bandari ya Rhapta katika pwani hii, ambayo jina lake latokana na vyombo vilivyoshonwa. Mahali pake pangali panabishaniwa, na delta ya Rufiji ni miongoni mwa mahali panapodhaniwa. Chombo cha kushonwa kilichojulikana zaidi katika nyakati za karibu ni mtepe: mbao zilifungwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari, na tanga lilikuwa la mkeka. Mtepe ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wanaouchunguza leo hutegemea maandishi, picha, na mifano midogo kama ile ya makumbusho ya Lamu. Picha huonyesha sura tu. Mfano ulioundwa kwa makini huonyesha jinsi ubao ulivyokutana na ubao.

Kazi ya shule

Shule yoyote yaweza kuanza. Msumeno, patasi, tezo ndogo na keekee vyatosha. Mbao nyepesi kama msufi huchongeka kwa urahisi, na mabaki ya mbao hupatikana penye mafundi. Mikoko haikatwi bila kibali, wala hapana haja ya kuikata. Kwanza wanafunzi waende kwa fundi wa mashua, wapime mkuku, mataruma, mlingoti na foromali, na kuandika jina la kila kiungo kama fundi anavyolitamka.

Jaribio moja linawafaa hasa wanafunzi wa delta, ambako maji ya mto hukutana na ya bahari. Mfano wa kilo 1 uelezwe katika beseni la maji baridi, na alama itiwe penye usawa wa maji. Kisha chumvi gramu 35 iyeyushwe katika kila lita: mfano utapanda kidogo, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Ile mashua ya tani 8, ambayo mtoni husukuma lita 8,000 za maji, baharini husukuma takriban lita 7,800. Nahodha aijazaye mashua yake baharini hadi ukingoni na kuingia mtoni huzama zaidi pasipo kuongeza hata gunia moja.

Vijana wakivipima vyombo vya kwao leo, wakati mafundi wake wangali hai, hawatalazimika kesho kuvitafuta katika picha.