Fahamu: Dawa zinazowekwa juu ya jeraha kuzuia damu wakati wa upasuaji

Upasuaji wa kichwa si jambo geni katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya. Kwa vizazi vingi, omobari, mpasuaji wa jadi wa Abagusii, alipasua ngozi na kukwangua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa bila kukoma baada ya kujeruhiwa, akitumia dawa za mitishamba ili damu isimame.

Hospitalini leo damu huzuiwaje?

Daktari hukandamiza jeraha, hufunga mshipa kwa uzi au huuchoma kwa umeme. Damu ikiendelea kuchuruzika pasipofungika, kama kwenye ini, ndipo dawa hizi hutumika:

- Sponji ya jelatini na kitambaa cha selulosi: huisaidia damu kushikamana na kuganda, kisha huyeyuka mwilini.
- Thrombini na gundi ya fibrini: huchochea au hukamilisha ugandaji wenyewe.
- Nta ya mfupa, iliyoelezwa na daktari mpasuaji Victor Horsley mwaka 1892: huziba vitundu vya mfupa.

Dawa hizi haziwezi kuzuia damu ya mshipa mkubwa uliokatika.

Kabla ya kupasuliwa, mwambie daktari ukitumia aspirini, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au mitishamba, au ikiwa katika ukoo wenu kuna mtu ambaye damu yake hukawia kuganda. Usifiche.