Nyasi za Plastiki Kando ya Kidimbwi: Hesabu ya Bisil

Ukishika barabara ya Namanga kutoka Kitengela, ukaupita mji wa Kajiado, utafika Bisil, mji unaojulikana kwa soko la mifugo kuliko kwa vidimbwi vya kuogelea. Lakini watu wanajenga. Mtu anastaafu, ananunua kipande cha ardhi, anachimba kisima, na mwishowe wajukuu wanadai kidimbwi. Zege likishakauka linabaki swali la pembeni: hapo watu watakapokanyaga wakitoka majini, pawekwe nini?

Mzee mmoja ninayemfahamu alikuwa ameshaamua kuweka kapeti la nyasi, lenye ukijani wa Januari mpaka Desemba. Fundi alileta sampuli, akaitandika juani, tukakaa kivulini kunywa chai. Ilipofika saa saba nikamwambia, "Mzee, hebu vua viatu ujaribu." Alikanyaga mara moja, akaruka. "Fundi, umeniletea nyasi au kikaango?" Fundi akaimwagia jagi la maji, ikapoa. Chai haijaisha kikombeni, ikawa moto tena.

Fundi hakuwa na kosa. Jani hai hujipoza kwa kutoa mvuke, plastiki haina mvuke wa kutoa. Jua likiwa kali, nyasi bandia huweza kupita nyuzi joto 60 hata kama hewa yenyewe haijafika 35. Uwanja wa mpira una viatu. Kando ya kidimbwi watu wako miguu mitupu, na wengi wao ni watoto.

Sasa tuje kwenye pesa. Chukua kidimbwi cha mita 8 kwa 4, ukizunguke kwa upana wa mita 2. Hapo unapata mita 64 za mraba. Makapeti mengi yanayouzwa huku huja katika roli za upana wa mita 2, kwa hiyo utahitaji urefu wa mita 32 na viungo vichache tu. Ukitaka upana wa mita 2 na nusu, unanunua roli nyingine ya kukatwa vipande, na kila kiungo ni mahali pa kufumuka. Pima kwanza, tamaa baadaye.

Bei hubadilika kila unapovuka duka, basi nitaweka za mfano. Wewe zifute uandike ulizopewa. Tuseme kapeti la milimita 35 ni shilingi 2,000 kwa mita ya mraba. Hiyo ni 128,000. Tuseme msingi, gundi na ufundi ni 1,500 kwa mita, yaani 96,000. Jumla 224,000. Likikaa miaka 8 chini ya jua hili, unalipa 28,000 kwa mwaka.

Nyasi hai zinaonekana rahisi siku ya kupanda tu. Wakati wa kiangazi bustani hunywa takriban milimita 5 za maji kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo ni lita 320 kila siku, karibu boza zima la lita 10,000 kila mwezi. Boza likiwa shilingi 5,000, miezi saba ya ukame ni 35,000, kabla hujamlipa wa kufyeka. Na usijifariji kwa kisima: maji ya visima vingi vya Kajiado yana chumvi, na nyasi nyororo za bustani haziyapendi. Hapa plastiki imeshinda, nakubali.

Ila mwenye duka hatakutajia mshindani wa tatu, jiwe. Kabro ikitandikwa kwa 1,800 kwa mita ni 115,200; ikikaa miaka 20, ni 5,760 kwa mwaka. Mawe ya Mazeras, yanayosafirishwa kutoka pwani, tuyape 3,000: jumla 192,000, au 9,600 kwa mwaka. Chagua ya rangi hafifu na uso wa kukwaruza kidogo, maana kabro nyeusi nayo huchoma na vigae laini vitamvunja mtu kiuno. Marumaru nyeupe ya kusagwa hupatikana papa hapa Kajiado, na inapendeza kwenye maua, lakini kando ya maji vipande vyake huishia kwenye pampu.

Kitengela ina mtihani wake. Udongo mweusi wa kule hutanuka mvua ikinyesha na kupasuka nyufa ukikauka. Chochote utakachotandika juu yake, plastiki au jiwe, kitapanda na kushuka nao. Lazima uuchimbe. Sentimita 20 tu katika eneo letu ni karibu mita 13 za ujazo za kuondoa, halafu ulete maramu, kokoto na vumbi la mawe, ushindilie, na uache mteremko mdogo wa kupeleka maji mbali na kidimbwi. Makadirio yanayotaja kapeti pekee, bila msingi, yarudishe.

Ukiwa bado unataka nyasi bandia, uliza kama nyuzi ni za polithini, ambayo huvumilia jua na kukanyagwa kuliko polipropilini ya bei ya chini. Geuza kapeti uone matundu ya kupitishia maji. Dai dhamana ya jua kwa maandishi. Angalia pia madirisha yako: vioo vinavyorudisha miale vimewahi kuyeyusha nyasi za aina hii.

Kuna jambo moja la Bisil hasa. Nyuzi hukatika zikizeeka, upepo ukazibeba mpaka malishoni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na mfugaji yeyote aliyewahi kupasua tumbo la ng'ombe aliyekula mifuko anajua kwa nini. Kapeti lililochakaa utalitupa wapi?

Mzee wangu aliweka Mazeras kuzunguka maji, na kipande kidogo cha nyasi bandia chini ya paa la kibanda, ambako jua halifiki. Nawe kabla hujalipa, omba sampuli, itandike juani, na saa saba mchana simama juu yake miguu mitupu kwa dakika moja. Ukishindwa, usiinunue.